Lango la Jaa

Masomo: Nehemia 5:1–16, Nehemia 13:10–13, Mathayo 17:24–27



Mwezi uliopita palikuwa na mkutano wa mtaa hapa petu. Nasema mtaa wa Serikali, si mtaa wa Kanisa, maana sisi Waanglikana tumezoea neno hilo kwa mambo yetu na wageni huchanganyikiwa. Tulikutana chini ya mwembe karibu na ofisi ya mtendaji, na jambo lililotuita lilikuwa moja tu, ada ya taka. Mtendaji alisimama akaeleza kwamba fedha inayokusanywa haitoshi mafuta ya gari wala ujira wa vijana wanaopakia. Basi tuchague mojawapo: ama kila nyumba iongeze ada kutoka shilingi elfu tatu kwa mwezi hadi elfu tano, ama gari lije mara moja kwa majuma mawili badala ya kila juma.

Mkutano ule ulikuwa mkali. Bwana mmoja mwenye nyumba yenye ukuta mrefu na geti la chuma alisema ada isiongezwe hata senti moja, kwa kuwa Serikali imekwisha kutukamua vya kutosha, na kwamba gari likichelewa si neno, yeye yupo kijana wa mkokoteni ambaye humlipa azipeleke taka zake mbali. Alipigiwa makofi mengi. Nami, nisiwafiche, mikono yangu ilikuwa karibu kupiga makofi, maana aliongea vizuri. Kisha akasimama mama mmoja, mpangaji, ambaye wengi wetu twala vitumbua vyake asubuhi. Akasema yeye hiyo elfu mbili ya kuongeza hana. Lakini gari lisipokuja, rundo liko mlangoni pake, na hapo mlangoni ndipo anapokaangia. Akauliza, "Sasa mimi nifanye nini?"

Hakuna aliyemjibu. Mwenyekiti aliona jua linazama, akaahirisha mkutano, watu wakatawanyika. Nilikuwapo pale na kanzu yangu, na mimi pia sikumjibu. Mahubiri haya ni jaribio la kumjibu mama yule, ingawa nimechelewa.

Najua wako watakaosema, "Padre, tuhubirie wokovu, magari ya taka waachie wenye magari." Nawaomba basi wafungue kitabu cha Nehemia, sura ya tatu. Ni sura ambayo wasomaji wetu huiogopa kwa ajili ya majina yake magumu, nami siwalaumu. Sura nzima ni orodha ya watu na vipande vya ukuta: huyu alijenga lango hili, yule alitengeneza mbele ya nyumba yake, mwingine alifanya kazi pamoja na binti zake. Na katika orodha hiyo limo lango la jaa, yaani lango ambalo taka za Yerusalemu zilitolewa kwalo. Aliyelijenga, akatia milango yake na makomeo yake, ni Malkiya mwana wa Rekabu, naye alikuwa mtawala wa wilaya. Mtu mkubwa yule hakupewa lango la mbele lenye sifa. Alipewa njia ya taka, akaijenga, na Roho Mtakatifu hakuona aibu kuliandika jina lake pamoja na kazi yake. Mstari wa tano wa sura hiyo hiyo wasema pia kwamba wakuu wa Watekoa hawakukubali kutia shingo zao kazini. Hao nao wameandikwa.

Basi mambo ya mji yamo katika Maandiko. Na shida yetu ya chini ya mwembe, ya kwamba tulipe zaidi au tuhudumiwe kidogo, imo pia.

Tuanze na sura ya kumi na tatu. Watu wa Yerusalemu walikuwa wamefanya agano kwa maandishi, wakatia mihuri, kwamba kila mwaka watatoa theluthi ya shekeli kwa huduma ya nyumba ya Mungu, na zaka za mashamba ziwe riziki ya Walawi. Walijitwika wenyewe. Kisha Nehemia akarudi kwa mfalme, akakaa huko kwa muda. Aliporejea alikuta Walawi na waimbaji hawapo. Sehemu zao hazikutolewa, nao wakaenda kila mtu shambani kwake, kwa sababu mtu mwenye watoto hawezi kuimba zaburi huku tumbo la nyumba yake ni tupu. Hatusomi mahali popote kwamba wazee walikutana wakaamua kuifunga huduma ya hekalu. Haikufungwa na mtu. Kila mmoja alipunguza kidogo alichotoa, akidhani jirani yake atatoa, na siku moja milango ikawa haina bawabu.

Jiji letu la Dar es Salaam limepita njia hiyo, na wazee wetu walioketi upande ule wa dirisha ni mashahidi. Mwaka 1969 Serikali ilifuta kodi ya kichwa iliyokuwa ikitozwa na halmashauri, na watu walifurahi. Mwaka 1972 yakaja madaraka mikoani: halmashauri za wilaya zikafutwa, na baada ya muda mfupi za miji nazo zikafuata. Jiji likagawanywa katika wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, chini ya maofisa wa Serikali Kuu. Nia haikuwa mbaya. Wakati ule nguvu za nchi zilielekezwa vijijini, mahali walipokaa wananchi walio wengi, na mji ulionekana kama mtoto aliyekwisha kushiba. Lakini mji nao ulikuwa ukijaa watu. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu zaidi ya 800,000 katika mkoa huu. Hao wote walitumia vyoo, walitupa maganda, walikunywa maji, na hapakuwa tena na baraza la mji lenye mfuko wake wala diwani wa kufuatwa nyumbani usiku na kuulizwa kwa nini mtaro haujazibuliwa.

Ndipo kikaja kipindupindu cha mwaka 1977 na 1978. Sitaki kurefusha habari hizo, kwa maana wako kati yetu waliozika. Mtu aliamka mzima, jioni watu wanatafuta sanda. Ugonjwa ule hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa, na haukugonga milango yote kwa nguvu sawa. Mwenye bomba ndani na choo chake peke yake alikuwa na mahali pa kujificha. Familia nyingi zilizotumia choo kimoja na kuchota kisima kimoja hazikuwa napo. Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa kwa sheria. Na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema katika mazungumzo yaliyochapishwa kwamba kama angeanza upya, yako mambo ambayo asingeyafanya, na mojawapo ni kuzifuta serikali za mitaa. Mimi huwataja vijana wa Kipaimara jambo hili kila mwaka. Si rahisi kumwona mkuu wa nchi akisema mbele ya watu kwamba hapo nilikosea, naye bado yumo madarakani.

Lakini jambo ninalotaka tulitazame ni hili: fedha ya mji ikipungua, nani hupunguziwa? Watu husema "huduma zimepungua" kana kwamba zimepungua juu ya kila paa, kama mvua inavyopungua. Haiko hivyo. Taka hazipungui kwa sababu fedha imepungua. Lazima ziende mahali, na mahali hapo pana watu.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Jiji kwa sababu ya jaa lililokuwa kati ya makazi yao. Moshi haukukoma, wala nzi, wala uvundo. Mahakama iliwapa haki, ikaamuru umwagaji ule ukome. Jiji likaomba muda, kisha likaomba muda tena, likieleza taabu yake ya kupata mahali pengine. Hatimaye taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao, mwaka 1991, ikawabidi kwenda mahakamani, nao wakashinda. Baadaye zikaenda Vingunguti. Siku hizi magari huelekea Pugu Kinyamwezi. Hebu yatazameni majina hayo kwa utulivu. Je, mmeisikia Oysterbay humo? Mmeisikia Upanga? Sisemi kwamba mtu fulani alikaa mezani akaazimia kuwaonea watu wa Tabata. Nasema kwamba mji usipolipa gharama ya lango lake la jaa, gharama hiyo hailali njaa. Huenda ikatafuta nyumba isiyo na ukuta mrefu, ikaingia humo.

Na msidhani ni habari za nchi maskini peke yake. Jiji la Birmingham kule Uingereza lina watu zaidi ya 1,000,000, nalo Septemba 2023 lilitangaza rasmi kwamba fedha zake hazitoshi kulipia matumizi yake. Mwaka uliofuata walipandisha kodi ya wakazi kwa karibu asilimia 10, na papo hapo wakapunguza fedha za huduma nyingi. Maana yake watu walilipa zaidi wakapata pungufu. Na mwaka 2025 wazoa taka wa jiji lile walipogoma, mifuko ikarundikana barabarani na panya wakatamba. Mwenye motokaa aliweza kujipelekea taka zake jaani. Mzee asiye na motokaa alizitazama dirishani. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka mama wa vitumbua.

Sasa mwenzangu ataniambia, "Kumbe Padre unatutaka tulipe." Ngoja kidogo, bado hatujasoma sura ya tano.

Katika sura ya tano kuna kilio. Wanaume na wake zao walilia mbele ya Nehemia, na kilio chao si juu ya Waajemi, ni juu ya ndugu zao Wayahudi. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikuwa wamekopa fedha ili kulipa kodi ya mfalme, na kwa deni hilo wana wao na binti zao wakawa watumwa, nao hawakuwa na nguvu ya kuwakomboa, kwa maana mashamba yalikuwa ya watu wengine. Someni polepole habari hiyo ya kodi. Hapa kodi ndiyo iliyomtoa mtoto nyumbani. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba Biblia hubariki kila kodi mradi tu mtozaji ana muhuri.

Sisi pia twazijua kodi za namna hiyo. Halmashauri ziliporudishiwa uwezo wa kutoza, kwa sheria ya mwaka 1982, ikaja kodi ya maendeleo kwa watu wazima, na mara nyingi kiwango kilikuwa kimoja kwa mwenye duka na kwa mchoma mkaa. Jina lake lilikuwa zuri. Lakini wengi wanakumbuka mgambo njiani, na mtu kutakiwa stakabadhi hata akiwa anampeleka mtoto zahanati. Na wako walioshinda porini siku nzima kwa kukosa karatasi ile. Ilipofutwa mwaka 2003 palikuwa na furaha kubwa, na furaha hiyo ilikuwa ya haki. Tena, kwa sababu hatutaki kusema nusu ya kweli, halmashauri zilipoteza fungu lao na tangu hapo zikategemea zaidi ruzuku ya Serikali Kuu. Mtu aliyewekwa huru na mgambo alirudi nyumbani akakuta dawati la shule bado limevunjika.

Hata kodi iliyopangwa kwa haki inaweza kukosa njia. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa pamoja na umeme wa LUKU: kwa kuanzia shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa kila ghorofa kwa nyumba za ghorofa. Mwenye ghorofa alipe zaidi, hilo ni jema. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, naye huiona fedha yake ikikatwa kabla taa haijawaka. Ilielezwa tangu mwanzo kwamba mpangaji ahesabiane na mwenye nyumba katika pango. Sasa niwaulize ninyi wenye nyumba mnaosali hapa, na baadhi yenu huketi viti vya mbele: mmehesabiana? Swali hili si la siasa. Ni swali la sura ya tano, mstari wa saba, ambapo Nehemia aliwakemea wakuu kwa sababu walikuwa wakiwatoza ndugu zao.

Angalieni pia jinsi Nehemia alivyopata ujasiri wa kuwakemea. Alikuwa liwali. Maliwali waliomtangulia walichukua kwa watu chakula na divai, na juu yake shekeli arobaini za fedha, na hata watumishi wao walijifanya mabwana. Nehemia alikaa liwali miaka kumi na miwili, yeye na ndugu zake, pasipo kula chakula cha liwali, kwa sababu utumwa ulikuwa mzito juu ya watu. Hakununua shamba. Wala hakuwa mtu bahili, maana mezani pake walikula watu mia na hamsini. Lakini alipotaka watu wabebe mzigo, mzigo wa kwanza kupunguzwa ulikuwa wa kwake. Kiongozi anayekuja chini ya mwembe kuomba elfu mbili zaidi, huku posho za vikao hazijaguswa, asishangae watu wakiguna.

Na mwisho wa habari ile ya Walawi waliokimbilia mashambani, Nehemia alifanya nini? Aliwakemea wakuu, akawarudisha Walawi mahali pao, Yuda wote wakaleta zaka, kisha akaweka watunza hazina, wanne kwa majina, kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao. Zaka zililetwa tena, na papo hapo wakapatikana watu waaminifu wa kuzitunza. Mambo hayo mawili yamefungwa pamoja katika mistari miwili, na mimi sithubutu kuyatenga. Anayetaka nilipe bila kunionyesha hesabu ananidai imani ambayo ni ya Mungu peke yake. Lakini na mimi nikisema, "Wote ni wezi, silipi," kisha nikamlipa kijana wa mkokoteni azimwage taka zangu katika bonde la Msimbazi, basi mvua ikija huwafikisha watu wa Jangwani taka zangu ndani ya nyumba zao. Mafuriko ya Desemba 2011 tuliyaona kwa macho. Maji yale yalibeba mizigo ya watu ambao hawakukaa bondeni.

Nilimwuliza kijana yule wa mkokoteni wapi huzipeleka. Akacheka, akaniambia, "Padre, si unajua." Kweli nilikuwa najua.

Sasa nije kwa Bwana wetu na Petro. Watoza nusu shekeli ya hekalu walimwendea Petro wakamwuliza kama mwalimu wake hulipa. Petro, kama kawaida yake, akajibu upesi kwamba hulipa. Nyumbani Bwana akamwuliza: wafalme wa dunia hutoza kodi kwa wana wao au kwa wageni? Kwa wageni, akajibu. Basi wana wako huru. Haki ya kutolipa alikuwa nayo, na aliisema wazi. Lakini ili wasiwakwaze watu, akamtuma Petro baharini, na katika kinywa cha samaki wa kwanza ilikuwamo sarafu moja. Sarafu hiyo ilitosha kodi ya watu wawili. Bwana akamwambia ailipe kwa ajili yake na kwa ajili ya Petro. Nimekuwa nikiisoma habari hii miaka mingi nikimtazama samaki, na juma hili kwa mara ya kwanza nimetazama hesabu. Angeweza kutoa sarafu ya mtu mmoja. Alitoa ya wawili, na wa pili hakuwa na kitu.

Basi mama wa vitumbua, hili ndilo jibu langu, ingawa limechelewa. Swali lililotolewa chini ya mwembe halikuwa kamili. Tuliulizwa tupandishe ada kwa wote sawasawa au tupunguze gari kwa wote sawasawa, na katika njia zote mbili ni wewe unayeumia zaidi. Iko njia nyingine, nyumba zenye uwezo zibebe zaidi ya fungu lao. Nyumba yenye geti na magari mawili yaweza kulipa elfu nane, na chumba kimoja cha kupanga kikabaki na elfu tatu, na gari likaja kila juma. Mimi si mtaalamu wa hesabu, na mtendaji anaweza kunisahihisha kiwango. Lakini sitakubali kuambiwa kwamba haiwezekani kabla haijajaribiwa. Bwana mwenye geti ni rafiki yangu, tena ni mtoaji mwema wa sadaka. Nimekwisha kwenda kwake nikamwambia maneno haya uso kwa uso, ili asiyasome kwanza hapa. Hakukubali. Hakukataa pia, alisema atafikiri, kisha akaniuliza jambo lililonifunga kinywa: "Na kanisa lenu, Padre, hulipa?"

Nilirudi nikaomba daftari kwa mweka hazina. Ndugu zangu, ada ya taka ya kanisa letu, pamoja na nyumba ya Padre, ilikuwa haijalipwa miezi minane. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amelipa, kama vile watu wa Yerusalemu. Maua yaliyonyauka ya altare, makaratasi ya sherehe ya watoto, mabaki ya chakula cha semina ya akina mama, vyote vilichukuliwa na vijana wa gari kwa miezi minane kwa fedha ya wengine, na kati ya hao wengine yumo mpangaji mmoja anayekaanga vitumbua. Mzee mmoja wa kanisa alisema makanisa hayadaiwi. Nilimsomea Mathayo kumi na saba, naye akanyamaza. Ni mzee mwenye kicho.

Halmashauri ya Mtaa, na sasa nasema mtaa wa Kanisa, ilikutana Jumanne jioni. Deni limelipwa lote kutoka mfuko wa matengenezo, na ile rangi ya mnara itangoja. Tumekubaliana pia kwamba kanisa litalipa ada ya nyumba mbili kila mwezi: yake yenyewe, na ya nyumba moja isiyoweza, ambayo mtendaji ataichagua na sisi hatutaambiwa ni ipi.

Mkutano wa mtaa utarudiwa Jumamosi ya pili ya mwezi huu, saa tisa alasiri, chini ya mwembe ule ule. Nawaomba mje, wenye nyumba na wapangaji. Mjumbe wetu amekwisha kumwandikia mtendaji barua ya heshima, akiomba aje na daftari la mapato na matumizi ya ada ya taka ya mwaka mzima, lisomwe kwa sauti. Stakabadhi ya kanisa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo mlangoni, chini ya zamu za usafi, na kila mwezi itabandikwa nyingine. Mkikuta haipo, niulizeni.